Mstari wa Miba

Jumatatu, 3 Machi 1986

Mvua ndogo alfajiri. Nimepalilia mstari wote kwa jembe dogo. Miche ishirini na saba, hakuna uliokufa. Nanasi jekundu la nne limetoa machipukizi mawili. Bibi Harusi, yule mwenye michirizi myeupe, amebabuka kwa jua la Februari lakini atapona. Kiganja kimechanika mara tatu. Kawaida.

Habari kubwa: Msumeno, ule wenye miba kama meno ya msumeno, umeanza kuchomoza bua la ua. Miaka sita naulisha maganda ya kahawa yaliyooza, nao haujanipa kitu ila miba. Bua ni la urefu wa kidole. Nimelitazama mpaka uji ukaungua.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji Byarugaba, mdogo wa marehemu mume wangu, amekuja asubuhi na kisu cha migomba. Hakupiga hodi. Ameteremka moja kwa moja hadi sehemu ya chini ya kibanja, kwenye mibuni na kaburi la kaka yake, akaanza kukata majani makavu. Nikasema moyoni, kumbe damu ni nzito kuliko maji. Nimempelekea ndizi na maharage. Amekula akamaliza, akasema chumvi imekolea.

Bua limefika kiganja kimoja.

Jumanne, 11 Machi

Nina hasira, lakini nitaandika.

Leo nimemkuta Nyandwi, yule kibarua Mrundi, anapalilia mibuni yangu. Katumwa na Byarugaba. Nimekwenda kwa Byarugaba na jembe mkononi, sikukumbuka hata kuliweka chini. Akaniambia kwa upole, na upole wake na ile waitu yake ya heshima ndivyo vilivyoniudhi zaidi: "Shemeji, waitu, unanigombeza nini? Mpaka umeuweka mwenyewe. Juu ni kwako, chini umerudishia ukoo. Sisi tulinyamaza kwa heshima tu."

Mpaka. Anasema mstari wangu wa mananasi ni mpaka.

Nilifanya kazi bustanini kwa masista miaka kumi na moja. Sista mzee aliporudi kwao alinipa miche sita. Alisema hii yote ni ukoo wa nanasi, ile inayokaa ardhini, si ile inayoning'inia juu ya miti. Inataka mawe na maji yasiyotuama. Kwenye kibanja hiki mawe yapo mahali pamoja tu, yamekatiza mteremko katikati kutoka ukingo hadi ukingo. Nikapanda hapo. Kwa kamba, maana kwa masista hakuna kinachopandwa kombo. Mingine nikaikusanya mwenyewe. Jekundu nililitoa Kibingo kwa miguu. Lile lisilo na miba nilipewa na mke wa Nyandwi. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu, na nilihitaji kitu cha kuamkia. Hiyo ndiyo dhambi yangu yote.

Mpaka huku kwetu ni mti wa omuramura. Unapandwa kwa mstari na haung'olewi. Anayeung'oa ameita kifo nyumbani kwake, mtoto mdogo anajua. Omuramura wa kibanja hiki uko chini kabisa karibu na korongo, aliupanda baba mkwe. Byarugaba anaujua. Alifundishwa kutembea pembeni yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemuuliza Nyandwi kwa nini alikubali kazi ile. Akavua kofia. "Shikamoo mama. Usinikasirikie. Mimi miaka yote nilijua ni mpaka. Ndiyo maana huwa nazunguka."

Huzunguka kweli. Hupita kule mwisho wa mstari, kwenye mparachichi.

Nimekaa mlangoni siku nzima nikihesabu miguu ya watu. Mke wa balozi wa nyumba kumi, kazunguka. Katekista, kazunguka. Wasichana wa maji, wote watano, wamezunguka na ndoo kichwani, na njia ya katikati ni fupi kwao. Mimi nilidhani wanaogopa miba. Ni mbuzi peke yake aliyepita katikati. Laiti ningeweza kumleta kwenye baraza la wazee litakalokata shauri hili, akasema.

Nina hasira na Nyandwi. Hana kosa. Nina hasira naye hivyo hivyo.

Jumapili, 16 Machi

Kwaresima hii niliahidi kuacha hasira. Nimeshindwa, niandike hivyo.

Padri kahubiri kusameheana. Byarugaba alikaa benchi la mbele akiitikia kwa kichwa kama ndiye aliyemwandikia mahubiri.

Binti yangu Kemilembe amefika kutoka Songambele alikoolewa. Amesikia. Hata maji hajanywa, kasema, "Mama, si uyang'oe tu yaishe." Nimemwambia sikumzaa aje kunifundisha kung'oa. Mti wangu umekosa nini? Aliyekosa ang'olewe yeye. Kalia, nikalia, kaondoka na njaa. Nimekula chakula chake na changu kwa ghadhabu na sasa tumbo linauma.

Ningekuwa na mtoto wa kiume, mstari huu ungeitwa bustani. Nina binti mmoja, kaolewa mbali, basi ni mpaka. Kesi yote ni hiyo. Mengine ni mapambo.

Jumatano, 19 Machi

Balozi wa nyumba kumi amekuja kukagua kabla ya baraza la Jumamosi. Mtu mzuri. Kanisalimia vizuri, kauliza habari za Kemilembe. Tumeteremka pamoja. Alipofika kwenye mstari akageuka bila hata kufikiri, akazunguka kwenye mparachichi. Nikajua nimeshindwa kabla sijasema neno.

Bua la Msumeno limepita kiwiko. Vitumba vimejipanga pande mbili, vidogo kama kahawa changa, ncha zimeanza rangi ya chungwa. Siku nne, labda tano, vitafunguka. Sista alikuwa na picha yake kitabuni. Mimi ua lake sijawahi kuliona kwa macho.

Jumamosi, 22 Machi

Baraza limekaa hapa hapa kibanjani. Balozi, wazee watatu wa ukoo, na Shangazi, dada yake baba mkwe, kaletwa juu ya keria ya baiskeli na mkongojo wake umefungwa kwa mpira.

Byarugaba kasema yake. Mimi nimesema yangu. Nimetaja mawe, nimetaja Sista, nimetaja omuramura wa korongoni. Mzee mmoja kasema wa korongoni ni wa zamani, huu ni mpya, na wa kamba. Kamba. Ningepanda kombo ningekuwa salama leo.

Shangazi alikuwa anatafuna kahawa. Kameza, kasema: "Mpaka haung'olewi. Kama ni mpaka, huyu mwanamke hatathubutu. Kama si mpaka, ang'oe sasa hivi kwa mkono wake, tunaona."

Byarugaba katabasamu. Hilo sitalisahau. Ananijua. Kaniona kiangazi nikiinywesha miche ile kwa bakuli, mmoja mmoja, na yeye akiwa na kiu hapo hapo. Alijua sitaweza.

Nimekwenda kuchukua jembe.

Nimeanzia kwenye mparachichi. Jekundu la kwanza, la pili. Hakuna aliyenisaidia, haikuruhusiwa, ingeharibu ushahidi. Bibi Harusi ametoka kirahisi, mizizi yake mifupi. Damu mpaka kwenye viwiko. Niliwatukana wote kwa Kinyambo, si kwa sauti ndogo, na Shangazi akawa anaitikia kana kwamba ni nyimbo.

Msumeno niliuacha wa mwisho. Nilichimba mbali, taratibu, nikitumaini. Ulikuwa umeshika jiwe chini. Nilipovuta, bua likakatika. Nimelishika mkononi. Lilikuwa bado halijafunguka.

Nilimwonyesha Byarugaba. Aliangalia viatu vyake.

Shangazi kainuka na mkongojo, kapita juu ya mashimo, katikati, moja kwa moja hadi kwenye kaburi. Wazee wakamfuata. Balozi akafuata. Kibanja ni changu mpaka korongoni. Byarugaba peke yake kazunguka kwenye mparachichi akaenda zake.

Nimeshinda. Nina hasira kuliko jana.

Jumapili, 23 Machi

Matawi. Sikwenda kanisani, mikono imevimba, siwezi kushika tawi wala kitu kingine. Nyandwi kaleta gunia, kakusanya miche yote, kaiweka kivulini bila kuambiwa. Nimemwambia asante. Neno lilikuwa gumu kutoka.

Bua nimelitia kwenye chupa ya maji. Limelala upande.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua ya kutosha wiki nzima. Kemilembe alikuja Pasaka akakaa siku tatu, tukabeba mawe kwa karai kutoka kwenye mstari wa zamani hadi chini. Tumepanda bila kamba. Mmoja hapa kwenye mbuni, miwili pale, mingine kuzunguka kaburi, ovyo ovyo. Sista angeumwa kichwa. Minne imekufa. Bibi Harusi anaishi. Bua la chupani lilifungua maua mawili tu, ya rangi ya chungwa iliyoiva, kisha likaoza. Kemilembe kayaona pia.

Byarugaba ananisalimia akiwa barabarani. Naitikia. Ndani sijamsamehe, na sitaandika kwamba nimemsamehe.

Jioni hii nimeteremka na maji ya Msumeno. Nimeupanda upande wa kichwani pa mume wangu. Nilipofika chini nikagundua nimepita kwenye mparachichi. Mashimo yameshajaa, nyasi zinaota, hakuna hata mwiba mmoja, na mimi nimezunguka. Nikasimama na bakuli mkononi. Machi yote nilikuwa nahesabu nani anazunguka, sikuwahi kuiangalia miguu yangu.

Nimeumwagia Msumeno maji. Kurudi nimepita katikati.