Simtaki wa Kaleli

Thika,
3 Februari 1957

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Natumaini zinakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha Krismasi kimekuachilia. Mimi sijambo. Shangazi Syokau alinisindikiza kutoka Murera mpaka geti la shule, akalia kidogo kama kawaida yake, akarudi.

Baba, mwaka huu niko darasa la nane, na mwezi wa kumi na moja tutafanya mtihani. Jina litakaloandikwa kwenye cheti ndilo nitakalozeeka nalo. Ndiyo sababu nakuandikia.

Nimekaa na jina hili miaka kumi na mitano bila kukulalamikia. Kila asubuhi mwalimu akisoma daftari na kufika kwangu, akisema "Simtaki," kuna sauti nyuma inajibu, "Hata sisi!" Darasa zima linacheka. Mwalimu Apiyo ni mtu mwema sana, lakini hata yeye siku ya kwanza aliuma midomo. Tukigawanywa kucheza, msichana akiulizwa anamtaka nani, anasema, "Namtaka Simtaki," kisha wanaanguka chini kwa kicheko. Zamani nilicheka nao. Siku hizi nanyamaza.

Jina la ubatizo ninalo, Rebeka, lakini halipo kwenye karatasi ya hospitali, na shule inafuata karatasi.

Shangazi alinieleza tangu nikiwa mdogo kwamba jina hili ni kinga. Mama alikuwa amepoteza watoto wawili kabla yangu, kwa hiyo nilipozaliwa mkasema hamnitaki ili kifo kisikie kinipite. Najua mlifanya kwa upendo. Lakini sasa nimekua, Baba, kifo kimeshanisahau.

Mwalimu Apiyo anasema majina yanapelekwa mwisho wa Juni. Anayetaka kubadili lazima aende na mzazi wake ofisi ya DC hapa Thika. Ningependa kuitwa Ndila, kama mama. Njoo siku yoyote utakayopewa ruhusa.

Ni mimi mtoto wako,
Simtaki


Ruiru,
24 Februari 1957

Kwa Binti yangu,

Salamu sana. Ama baada ya salamu, nakujulisha kwamba mimi baba yako ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Barua yako nilisomewa, nikafurahi kusikia kwamba masomo yanaendelea.

Kuhusu safari ya Thika, kwa sasa tunapogoa kahawa na msimamizi hatoi ruhusa. Tena siku hizi za Hali ya Hatari, ingawa sisi Wakamba hatusumbuliwi sana, pasi ya kusafiri inachukua muda. Kuhusu jambo la jina, tutalizungumza tukijaliwa. Jina ni jina tu, binti yangu. Mtu hujulikana kwa kazi yake.

Msalimie shangazi yako ukimwona. Ongeza bidii.

Ni mimi baba yako, Kaleli,
kwa mkono wa karani wa shamba, Gerishon Ndambuki


Thika,
13 Mei 1957

Baba,

Hujambo? Mimi ni mzima.

Jana Jumapili ulikuja. Usikatae, nilikuona. Nilikuwa zamu ya kufuta madirisha ya bwalo, na dirisha la mwisho linatazama geti. Ulivaa lile koti la kijivu. Ulikuwa na kikapu kimefunikwa kwa gazeti.

Nilitaka kukimbia nikupokee. Nilishatupa tambara. Ndipo nikasikia askari akikuuliza, "Mzee, unamtafuta nani?"

Ukasema, "Mtoto wangu."

"Jina lake?"

Ukasema, "Ni wa Kaleli. Wa kutoka Murera."

Askari akasema, "Hapa kuna wasichana zaidi ya mia moja, mzee. Nitajie jina nimwite."

Nikasimama. Nilitaka nisikie ukilisema. Maisha yangu yote sijawahi kukusikia ukiniita, Baba, wewe huniita "mwanangu" au "wee mtoto," na barua zako husema "binti yangu." Nikajiambia, leo atalisema, kwa sababu hana njia nyingine ya kunipata.

Ulitazama chini. Askari akakuuliza tena kwa upole, si kwa ukali. Ukatikisa kichwa, ukageuka, ukaenda na kikapu chako upande wa stesheni. Nilikutazama mpaka ukapita miti.

Kama jina hili ni la upendo, kwa nini mtu aliyenipa hawezi kulitamka mbele ya askari wa geti? Wenzangu wanalitamka siku nzima.

Kuna kitu hamjaniambia. Niambie wewe. Shangazi nikimwuliza anaanza kusugua vyungu.

Simtaki


Ruiru,
2 Juni 1957

Mwanangu,

Hujambo. Mimi mwili ni mzima.

Barua hii naandika na mkono wangu mwenyewe. Usicheke mwandiko. Tangu mwaka juzi nakwenda darasa la watu wazima kanisani, sikukuambia kwa sababu niliona haya. Gerishon ni mtu mzuri lakini haya maneno siwezi kuyasema yeye akiandika.

Shangazi yako alikudanganya. Alikudanganya kwa wema. Mama yako hakuzaa mtoto mwingine kabla yako. Wewe ndiye wa kwanza na wa mwisho. Ile hadithi ya kinga Syokau aliitunga siku ulipoanza kuuliza, ukiwa na miaka minne, na mimi nikamwacha aiseme.

Ilikuwa hivi. Ndila alishikwa na uchungu siku mbili. Tajiri wa shamba akatoa lori la magunia, tukampeleka hospitali ya Thika. Palikuwa na mkunga wa Majengo anaitwa Khamisa. Ulipozaliwa wakanituma sokoni nilete sukari ya kutia kwa uji wa mama yako, apate nguvu. Nilikwenda mbio. Niliporudi na hiyo sukari, Ndila alikuwa amefunikwa uso.

Khamisa akatoka na wewe ndani ya leso. Akasema, "Mshike mtoto wako." Nikasema, "Simtaki." Akasema, "Kaleli, mshike." Nikasema tena, "Simtaki." Pale mlangoni kulikuwa na karani na meza na kitabu. Aliniuliza jina la mtoto, nafikiri aliuliza mara mbili, mimi nilikuwa nimegeukia ukuta. Nikasema simtaki. Nikasikia kalamu.

Syokau ndiye alikuja kukuchukua siku ya tatu. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa.

Kwa hiyo pale getini sikuweza. Kwangu hilo si jina. Ni kitu nilisema.

Utauliza kwa nini sikurudi kufuta. Mwanangu, nisikudanganye mara ya pili. Mwaka wa kwanza nilimaanisha. Nilikuwa nikisikia habari zako kutoka Murera, umeota jino, umesimama, na nasema moyoni, yeye amesimama na Ndila amelala. Halafu ile chuki ikaisha, sijui siku gani, nikabaki na aibu. Aibu nimekaa nayo zaidi.

Tarehe 20 mwezi huu, siku ya Alhamisi, nimepata ruhusa. Nitakuwa ofisi ya DC asubuhi. Muombe mwalimu wako akuruhusu uje. Tutaandika Ndila.

Baba yako,
Kaleli


Ruiru,
23 Juni 1957

Kwa Simtaki, mwanangu,

Nimeliandika. Karatasi tatu niliharibu kabla ya hii.

Natumaini hujambo, maana sina habari yako. Alhamisi nilifika kabla hawajafungua. Niliketi kwenye benchi ya nje na watu wa vibali. Saa sita wakafunga kwa chakula, nikangoja, wakafungua. Kila msichana mwenye sare akipita nilisimama. Saa kumi karani akaniambia, "Mzee, nenda nyumbani, huyo haji."

Nilimweleza mambo yangu kidogo. Akanipa fomu nitie sahihi yangu, akasema mtoto anaweza kuileta mwenyewe na mwalimu wake kabla ya mwisho wa mwezi. Iko ndani ya bahasha hii. Pale pa jina jipya sikuandika kitu. Andika unalotaka wewe, kama ni la mama yako au lingine. Hata jina la baba ukitaka kulitoa, nimeuliza, inawezekana.

Sikulaumu kwa kutokuja.

Baba yako


Thika,
29 Septemba 1957

Baba,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi nilikuwa na homa mwezi wa saba lakini ilipita.

Barua zako zote mbili nilizipata. Alhamisi ile mwalimu alinipa ruhusa. Nilivaa, nikafika mpaka daraja la Chania, nikakaa ukingoni mpaka saa za kurudi. Nilijua uko kwenye benchi. Nilitaka ungoje.

Mwezi wa nane nilikwenda Murera. Nilimwekea shangazi barua yako mapajani, ingawa hajui kusoma. Alijua ni nini. Akasema, "Nilikuona unakuja na uso huo, nikajua amekwambia." Hakusugua vyungu siku hiyo. Tulilia pamoja, kisha nikamkasirikia, kisha tukala.

Yeye ndiye aliyeniambia Bibi Khamisa bado yu hai. Nilimtafuta Majengo. Ni mzee sana, haoni vizuri, anaishi na mjukuu wake Amida. Nilipomtajia jina langu alinyoosha mikono, akanipapasa uso wote. Akasema, "Ewe mwanangu, jina hilo lilibaki tu? Nilidhani kesho yake watalifuta."

Baba, kuna jambo aliloniambia. Nimekaa nalo wiki sita, nikifikiri nisikuambie kamwe, kwa adhabu, na halafu nikifikiri nisikuambie, kwa huruma. Lakini si langu. Ni ujumbe wako ambao haukufika.

Ulipokuwa sokoni mama hakuwa amekufa bado. Walinilaza kifuani pake. Bibi Khamisa anasema alinihesabu vidole, vya mikono na vya miguu, akarudia vya mikono. Kisha akasema, "Mpelekeni kwa Kaleli. Atafurahi." Hakusema tena kitu kingine.

Bibi Khamisa alitoka nje akiwa na maneno hayo mdomoni. Ulipomkataa mtoto, akaona ayameze. Anasema alikuonea huruma.

Fomu ninayo, iko ndani ya Biblia. Niliandika Ndila kwa penseli nikafuta. Niliona kama navaa nguo ya mtu aliyekufa. Nikajaribu mengine, hakuna lililonikaa. Mwezi wa Juni ukaisha. Mtihani nitaufanya kwa jina lililoko. Sikuliacha kwa kulipenda, na sikuliacha ili likuumize, ingawa kwanza nilifikiri ni hivyo. Nimechoka tu, na nina hesabu za kusoma.

Usiniulize kama nimekusamehe. Nikijua nitakuandikia.

Ila nina ombi moja. Shangazi hajui mama alizikwa wapi, anasema mlirudi naye Ruiru kwa lori kabla yeye hajafika kunichukua. Wewe peke yako unajua. Jumamosi tarehe 26 Oktoba mwalimu ataniruhusu. Nionyeshe. Usichinje kuku, usiite watu. Nitaona kaburi, kisha nitarudi kwa gari la saa tisa.

Simtaki


Ruiru,
13 Oktoba 1957

Mwanangu Simtaki,

Hujambo. Pole kwa homa.

Barua yako nilisoma siku tatu. Nilipofika kwa yale ya mama yako niliikunja nikaenda kazini. Nilikata miti vibaya siku hiyo mpaka msimamizi Wambua akaniuliza kama naumwa. Jioni nikamaliza kusoma.

Atafurahi. Alinijua vizuri Ndila, katika mambo yote. Hapo tu ndipo alikosea, na kosa ni langu.

Asante kwa kuniambia. Ungeweza kunyamaza.

Sasa nakueleza juu ya kaburi, ili usishtuke ukifika. Hakuna kaburi la kuona. Alizikwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi, kulikuwa na makaburi kumi na matatu. Mwaka wa 1949 tajiri aliongeza shamba. Walituambia wenye kutaka kuhamisha wahamishe, lakini wahamishe wapi, hakuna mtu alikuwa na ardhi. Wakapanda kahawa. Niliweka alama kabla trekta halijapita. Ni mstari wa tisa kutoka mfereji, kati ya mti wa nne na wa tano.

Niliomba mistari hiyo iwe yangu ya kutunza, na wakanipa. Syokau amenilaumu miaka mingi kwamba nilikataa kazi ya mkonge huko karibu na Murera, ambayo ingeniweka karibu na wewe. Hakujua, na sikumwambia. Nilichagua kubaki na aliyekufa nikamwacha aliye hai. Nilidhani kuna muda. Miti ile miwili sijawahi kuichuma kwa kuuza. Matunda yake nayaacha yaanguke.

Ukishuka stesheni usiulize njia, nitakuwa hapo tangu asubuhi. Tutapita nyuma, si mbele ya ofisi. Ukitaka nisiseme kitu, sitasema. Ukitaka kukaa peke yako pale, nitangoja kwenye mfereji.

Kuku sitachinja. Lakini utakuwa umetoka mbali, nitachemsha mihogo.

Mvua imeanza huku, na udongo mwekundu unateleza sana. Vaa viatu vya kufunga kamba.

Baba yako,
Kaleli