Kalamu za Bei Chee Zinanitoa Roho

Jumatatu, 11 Agosti

Imevuja tena. Nimetoka Feri kukaanga samaki, hata ushungi sijavua, nimekaa niandike siku yangu kama kawaida. Kufungua mfuniko tu, vidole vitatu bluu. Hii ni ile nyeusi yenye klipu ya dhahabu. Dhahabu jina. Imeshabanduka yote, chini bati.

Hizi kalamu za wino, zile za kujaza kwa kibomba, siyo bik, zinauzwa Kariakoo chini kwenye turubai kama dagaa. Bei chee. Tunu anazinunua kila akipata kitu, akizichoka ananipa mimi. Yangu hii ni ya urithi kutoka kwa mwanangu. Dunia imegeuka.

Leo nina furaha lakini. Niandike vizuri nisisahau. Mama Irene, mwenye duka la kadi pale Kariakoo, kampa Tunu kadi za harusi moja kubwa, aandike majina ya waalikwa wote kwa mkono. Jumamosi zirudi. Zikitoka safi, Tunu anapewa kiti pale dukani, kazi ya moja kwa moja. Zikitoka chafu, Mama Irene anaagiza mashine ya kuchapa majina, basi tena.

Mwaka wa tatu huu tangu mtoto amalize kidato cha nne. Anakaa. Anakaanga na mimi akitaka, asipotaka analala. Lakini mwandiko! Shuleni walimu walikuwa wanamwita aandike vyeti vya wenzake. Sisemi kwa sababu ni mwanangu. Nasema kwa sababu ni kweli. Na ni mwanangu.

Kadi zimekuja maboksi mawili. Rangi ya maziwa, nene, zina mstari wa nukta pa kuandika jina, na chini pa kuandika Single au Double, mtu mmoja au wawili. Boksi moja nimelifungua mimi. Nimezipanga, nimezipangusa vumbi moja moja kwa kiganja. La pili Tunu kalifungia kabatini, ufunguo kaning'iniza shingoni. Utafikiri mimi mwizi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimechukua kadi kidogo, nimezitia kwenye mfuko, nimekwenda nazo Feri. Tunu hajui. Nilitaka Mama Hadija azione. Karai lake liko jirani na langu na kila siku ananiambia mwanawe wa benki. Benki, benki. Anafagia benki. Nimemwonyesha kadi, nikamwambia hizi zinasubiri mkono wa Tunu. Akashika, akageuza, akarudisha. Akageukia karai lake. Raha yangu ilikuwa hapo.

Watu wa minada ya samaki nao wakataka kuona. Nikawaonyesha. Mikono yao nilikuwa nawaambia wafute kwanza. Kadi nilizishika mimi.

Jioni mambo yakaharibika. Tunu kaanza kuandika. Jina la kwanza, Bwana na Bibi nani sijui. Herufi ya kwanza nzuri. Ya pili wino ukaruka. Ukakatika katikati kama uzi. Akarudia juu, ikawa nene, kama mtoto wa chekechea. Kadi ya pili hivyohivyo. Ya tatu ikaanza kuandika ikakataa mwisho.

Kaosha nibu kwa maji ya uvuguvugu. Kabadilisha kalamu, ile ya kijani. Wino ukaruka. Kachukua ya zambarau. Ukaruka. Nilimwambia hizi kalamu zako takataka. Akasema mama niache kwanza.

Niache kwanza! Nimemzaa mwenyewe.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda kwa muuza kalamu. Anaitwa Bakari, ana turubai lake karibu na maduka ya vitenge. Nilimfuata na zote nne, tatu za Tunu na yangu, kwenye mfuko wa nailoni, nilitaka watu wote wa mtaa wasikie.

"Wewe kijana, unauzia watu uchafu."

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba. Uchafu."

Akazichukua zote, akazijaribu kwenye boksi la viatu. Zikaandika. Akaandika jina lake, akachora ua, akachora na gari. Zote zimetiririka kama maziwa. Watu wakacheka. Akasema, "Bi mkubwa, hizi zinavuja, nakubali, mfuniko unapasuka, nakubali. Lakini kuandika zinaandika. Nimwongopee mama yangu?"

Nikamwambia mimi siyo mama yako. Halafu nikanunua nyingine. Nina wazimu. Kaniambia hii nibu yake laini zaidi.

Na ni kweli. Ndiyo naandika nayo sasa hivi na mkono unaenda wenyewe. Bik naikandamiza mpaka dole gumba linauma, haya mafundo ya vidole ni ya karai miaka yote. Hii hukandamizi. Unaigusisha tu. Wino unatoka umelowa, unang'aa, halafu unakauka mbele ya macho yako. Naandika kama hakimu. Darasa la saba, lakini kama hakimu.

Ila chini ya ukurasa, pale ninapoegemeza kiganja, inaanza kuruka. Ona. Mstari huu nimeurudia mara mbili. Bakari mwongo.

Baadaye: Tunu kaijaribu kwenye kadi. Imeruka. Kadi za ziada Mama Irene alizompa zinakwisha.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbaya. Nimeunguza samaki, mawazo yako nyumbani.

Nimemwambia Tunu huenda unaishika vibaya. Nimemwambia huenda unaiegemeza sana. Nimemwambia na mengine ambayo siyaandiki. Kasema afadhali azirudishe kadi leo, amwambie Mama Irene ameshindwa, atafute mashine yake. Nikapiga kelele. Nikamwambia Feri nzima inajua, Mama Hadija anajua, mimi nitaweka wapi uso wangu.

Akasema, "Kwa hiyo ni uso wako, mama, siyo kazi yangu."

Jirani wa chumba cha kati kafungua mlango kusikiliza vizuri. Nikamwuliza umepoteza nini. Akafunga.

Tunu hajala. Changu wawili wakubwa nilimwekea, wako palepale kwenye sahani.

Na hii kalamu imenivujia kwenye gauni la bluu bahari, la Idi. Limao halitoi. Sabuni haitoi. Nazichukia. Nazichukia zote na aliyezivumbua.

Kesho kutwa Jumamosi.

Ijumaa, 15 Agosti

Niandike tu kama ilivyokuwa.

Mchana nimerudi, Tunu ametandika gazeti sakafuni. Amefungua boksi la kabatini. Kadi ya kwanza kaandika moja kwa moja, bila kuruka, herufi kama zimepigwa pasi. Ya pili. Ya tatu. Nikapiga kigelegele. Nikasema si nilikwambia hii kalamu mpya ni nzuri!

Kachukua kadi moja ya boksi langu. Kalamu ileile, wino uleule. Ikaruka. Kachukua ya boksi lake. Ikaandika. Yangu, ikaruka.

Akaiinua kadi yangu, akaielekeza dirishani, akaiinamisha. Kulikuwa na alama. Kiganja kizima, na dole gumba. Halafu akaipeleka puani.

"Mama. Kadi inanuka changu."

Nikanusa na mimi. Miye pua yangu imekufa zamani kwa mambo ya samaki, lakini hata mimi nilisikia.

Mafuta. Mafuta ya karai. Mkono naosha, naosha kweli, lakini yamekaa kwenye ngozi miaka yote. Wino wa hizi kalamu ni maji matupu, ukikuta mafuta unakimbia. Bik ingepita tu, isingejali. Kila kadi niliyoipangusa vumbi niliipaka. Zile za kwenda Feri nimezipaka mara mbili. Na huku kwenye daftari, chini ya ukurasa, ni mimi. Bakari wa watu nikamtukana mbele ya turubai lake.

Nilingoja Tunu apige kelele. Ilikuwa zamu yake. Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia kidogo, halafu akafuta macho akasema tufanye kazi.

Kasaga chaki, kainyunyiza kwenye kadi, kasugua taratibu kwa kitambaa kikavu, kakung'uta. Alikuwa akifanya hivyo shuleni karatasi ikiguswa na jasho. Nyingi zimekubali. Zile za Feri zimegoma. Mimi nimekaa mlangoni mikono kwenye beseni la maji ya sabuni. Sijaambiwa niiweke hapo. Niliiweka mwenyewe.

Ziada zimekwisha. Zimepungua kadi, siyo nyingi, lakini zimepungua. Mtu akialikwa harusini kadi ikakosekana, ni ugomvi wa ukoo.

Tunu kasema atamwambia Mama Irene kakosea yeye, siyo mimi. Nimemwambia hapana. Hilo hapana.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumekwenda wote. Feri sikwenda. Nimevaa baibui safi, nimejifukiza udi mpaka koo likawasha.

Duka la Mama Irene liko ghorofani, juu ya maduka ya mashuka. Ngazi nilipanda na maneno mengi kichwani, kufika juu yakaisha. Nikamwambia tu, kadi zimepungua, nimezishika mimi na mikono ya mafuta, mtoto hana kosa, nilikwenda kujitapa nazo Feri.

Mama Irene hakucheka. Alichukua kadi moja kati ya zilizoharibika, akainusa.

"Changu?"

"Changu."

"Nikadhani nguru."

Kisha akavaa miwani, akaanza kupitia zile nzuri. Moja, moja, moja. Nilitamani kumwambia angalia hiyo K, angalia mkia wa Y ulivyopinda. Nilijiuma ulimi. Mara ya kwanza maishani, Tunu mwenyewe atashuhudia.

Akavuta droo, akatoa kadi za aina ileile, bado ziko kwenye nailoni yake. Akamsogezea Tunu kiti. "Malizia hapa nione."

Mwanangu akakaa. Kalamu ikagoma. Imekauka nibu kwa sababu ya ngazi na jua, ndiyo kawaida yao hizi. Tunu hata hakushtuka, akachovya ncha kwenye kifuniko cha maji ya kunywa, akaifuta, akajaribu pembeni, ikashika. Akaandika. Nilisimama mbali, mikono ndani ya baibui.

Mama Irene akasema Jumatatu aje saa mbili, asichelewe. Halafu akanigeukia. "Na wewe Mama Tunu, karibu wakati wowote. Ila unaishia mlangoni."

Nimeambiwa maneno mengi mabaya mjini hapa. Hilo nimelipenda.

Tukashuka. Barabarani Tunu akanishika mkono, mkono huuhuu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempelekea Bakari changu mkubwa kwenye gazeti, na chachandu. Nikamwambia kalamu zako hazina kosa, kosa langu. Akasema, "Nilijua bi mkubwa, lakini ulikuwa umewaka." Nikamwambia anawe kabla hajashika bidhaa.

Mama Hadija kauliza tena, Tunu kaanza kazi? Nimesema ndiyo. Basi. Kwa jioni hiyo. Asubuhi nilikuwa nimeshasema kila kitu.

Alhamisi, 28 Agosti

Kumepoa. Nimenawa kwa limao na majivu, nimejikausha, nimeweka karatasi chini ya kiganja kama Tunu alivyonionyesha. Hairuki. Inavuja bado, kidole kimoja. Kimoja siyo vitatu.

Nilipita Kariakoo kununua mafuta. Nikapanda ngazi. Sikuingia, nilisimama mlangoni nilipoambiwa. Mama Irene alikuwa na wateja, wachumba, wanachagua kadi. Kwenye kioo cha kaunta wamebandika kadi ya mfano, waone mwandiko wa Tunu ulivyo.

Nikasogea kidogo. Jina la mwalikwa limeandikwa Bi. Somoe Mfaume Likoko.

Huyo ni mimi. Feri naitwa Mama Tunu, nyumbani Mama Tunu, kwenye kodi ya pango Mama Tunu. Sijaona jina langu likiandikwa vizuri tangu cheti cha darasa la saba, na kile kililiwa na panya. Chini kaandika Single. Kweli, niko mwenyewe. Wino wa bluu, umelala vizuri, mkia wa M umezunguka.

Yule msichana mchumba akaugusa mwandiko kwa ncha ya kidole akasema huu, nataka huu.

Tunu akaniona. Akaendelea kuandika.

Mimi nilisimama pale nikisoma. Mikono nimeifunga nyuma.