Siku Golikipa Aliponiita

Mjukuu wangu Baraka,

Hapa Barking tu wazima. Magoti ya bibi yako yamepoa, na jana alipanda basi peke yake hadi Stratford.

Umeniuliza kama wewe, kocha wa washambuliaji, uko tayari kuwa kocha mkuu. Nilipokuwa kijana hapa London, nami niliwafundisha washambuliaji wa timu yetu ya Wakenya. Siku ya fainali kocha mkuu aliugua, nikaachiwa timu. Kama kawaida yangu, nilisimama karibu na goli la wapinzani. Tukafungwa. Golikipa wetu, Otieno, akapaza sauti: "Kocha! Huku pia ni timu yako, ama sisi tumekuja kutazama mechi?"

Watu walicheka. Nikaenda upande wake, nikaona mwanya kati ya mabeki, nikawapanga upya. Hatukufungwa tena, na washambuliaji wakamaliza kazi. Tulirudi Edmonton, mtaa wa London tuliokuwa tukiishi, na kombe, tukiimba kwenye treni!

Jumapili uliponipigia simu, ulizungumza muda wote juu ya golikipa wako anayeogopa mipira ya juu. Washambuliaji hukuwataja hata kidogo.

Kubali kazi hiyo.

Babu yako, ambaye ameanza kushangilia.