Mabalungi Kutoka Arizona

Tamarack Falls, Wisconsin
Februari 9, 2009

Mdogo wangu mpenzi Arlys,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wako unaelewana vizuri zaidi na joto la huko kuliko ulivyoelewana na baridi ya huku. Binti yako Janelle hajambo? Na wajukuu, bado wanakuamsha alfajiri kwa kukurukia kitandani? Mimi sijambo, ila nimechoka. Nachoka hata siku ambazo sijafanya kitu.

Sanduku la mabalungi lilifika, asante. Mke wangu ameyapanga kwenye bakuli kubwa mezani. Kila akipita, Doreen huyagusa na kusema, "Wifi yangu ana moyo, jamani." Mimi sijala hata moja. Sababu utaiona mbele.

Habari za huku ni zile zile. Kiwanda chetu cha karatasi cha Skarlund kimefungwa tangu wiki ya kwanza ya Januari. Bomba halitoi moshi, na watu waliolaani harufu yake miaka yote sasa wanaitamani. Ijumaa tulikula samaki wa kukaanga kanisani kama kawaida, lakini kimya kimya. Orville Stenberg, niliyefanya naye kazi kwenye mashine ya tatu miaka ishirini na sita, sasa anapanga makopo dukani. Nilimkuta amevaa aproni. Akaniambia, "Usinitazame hivyo, Verlyn. Na wewe zamu yako inakuja." Nikacheka naye, kisha nikatoka bila kununua nilichofuata.

Uliponipigia simu baada ya Krismasi, hukulia. Ulisema barua imekuja, kwamba hisa za Skarlund zilizokuwa kwenye mfuko wako wa kustaafu hazina thamani tena, zote, miaka kumi na tisa ya kufunga karatasi kwenye maboksi. Kile chumba karibu na maktaba ulichokuwa unakiwazia, chenye mlango wako na ufunguo wako mwenyewe, ukasema umeshakisahau, utaendelea kulala na wajukuu. Kisha ukasema, "Afadhali tumezama wote, kaka. Ningezama peke yangu ningekufa kwa aibu." Wiki iliyofuata ukanitumia matunda, kwa kunionea huruma.

Unakumbuka ule ubao wa chaki kando ya saa ya kugongea kadi? Kila Ijumaa mimi ndiye niliyeandika pale bei ya hisa zetu, kwa kuwa bosi alisema mwandiko wangu unasomeka kutoka mbali. Ikipanda, watu walipiga makofi na glavu zao mikononi. Na mwaka ule walipotuletea fomu za kuchagua pesa zetu za uzeeni ziwekwe wapi, nani alisimama juu ya benchi kantini? Mimi. Nilisema sisi tunaoitengeneza karatasi hii tusipoiamini, nani ataiamini? Nilisema anayepeleka pesa zake kwingine amewapa majirani zake kisogo. Wewe ulikaa mbele kabisa, ukaweka alama kwenye Skarlund kwa pesa zako zote, kwa sababu kaka yako amesema.

Sasa nisikilize. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Novemba, ile fomu ya kila mwaka ilikuja. Doreen aliisoma huku anamenya viazi. Akaniuliza, "Mshahara wako Skarlund. Bima yetu Skarlund. Na uzee wetu nao Skarlund? Hicho kiwanda kikifa tutakula nini, hiyo kofia yako ya kiwandani?" Nilikasirika, nikamnunia siku mbili. Siku ya tatu nikajaza fomu, nikahamisha pesa zangu zote kutoka Skarlund, nikaipeleka ofisini ndani ya bahasha niliyoibandika kwa gundi ili karani asiifungue mbele yangu. Ijumaa hiyo hiyo nikaandika bei ubaoni, nikapiga makofi na wenzangu.

Ingeishia hapo, ingekuwa aibu ya kawaida tu. Lakini wewe ulinipigia simu Jumapili iliyofuata. Ulisema rafiki yake Janelle anayefanya kazi benki amekushauri uzigawe pesa zako, usiziache mahali pamoja, nawe hutafanya lolote mpaka unisikie mimi. Nikakujibu, "Achana na watu wa benki. Baki humo humo, mdogo wangu." Bei ilikuwa inapanda, na mimi nilijiona mjinga kwa kutoka. Niliogopa kwamba ukihama utaniuliza mimi nimefanyaje, na ukijua wewe, kiwanda kizima kitajua. Niliokoa heshima yangu kwa uzee wako. Hatukuzama wote, Arlys. Mimi nilikuwa nimeshatoka majini zamani.

Jana nilimweleza Doreen habari ya simu ile, maana hakuijua. Sikugombezwa. Alikaa kitako, akasema, "Basi nusu ni yake. Mwandikie." Karatasi nimezisaini leo asubuhi, na nusu yako ya pesa zetu za uzeeni itakufikia mwezi ujao. Usiirudishe kwa hasira. Ukikasirika, nitukane kwa simu, nitasikiliza mpaka mwisho. Mimi nimeomba kazi dukani, nitapanga makopo pamoja na Orville. Yeye pia nina deni la maneno ya kumwambia, ila nimeanza na wewe. Mabalungi nitayala siku utakayoisoma barua hii na bado ukataka niyale.

Doreen anakusalimu sana. Nisalimie Janelle na watoto, waambie babu yao wa kwenye theluji anawakumbuka. Nenda kaulizie kile chumba karibu na maktaba kabla hakijapata mtu. Ukishakipata, si lazima unifungulie mlango.

Ni mimi kaka yako,
Verlyn