Chai ya Jumuiya

Jumatatu, 3 Machi

Nimeogeshwa. Uji, vidonge, kiti cha barazani. Mlima haujajionyesha leo.

Niandike wakati mkono bado unashika kalamu. Natumia bangi. Mimi, hakimu mstaafu, mzee wa kanisa. Anayejua ni Namnyaki peke yake, mama anayenitunza tangu mke wangu afariki. Huileta kutoka kwao Oldonyo Sambu, na kunichemshia kwenye maziwa. Saratani imeingia kwenye mifupa. Vidonge hunilaza bila kuniondolea maumivu. Maziwa yale hunirudishia ubinadamu kwa muda.

Namnyaki hapendi. "Baba, hii kitu itanifunga mimi, sio wewe."

Nikamwambia mwili ni wangu.

"Mwili ni wako. Miguu ya kuifuata ni yangu."

Jumatano, 5 Machi

Kwaresima imeanza. Jumuiya ya kanisa wametuma ujumbe: kesho watakuja kuniombea. Sitaki. Lakini nani humkatalia mtu sala?

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Namnyaki alikuwa sokoni. Wakaja, mvua ikawafungia ndani. Kwetu, mgeni haketi kungoja chai kwenye nyumba ya mgonjwa. Kina mama waliingia jikoni moja kwa moja. Mama Anaeli, kiongozi wa jumuiya, Mmachame, alikuta kopo la Namnyaki nyuma ya unga. Majani makavu ndani ya nyumba ya mzee wa Kiarusha anayeumwa: akaamini ni dawa ya porini, kama ile tunayotia kwenye supu. Akaimwaga yote kwenye sufuria ya chai, ikachemka na maziwa.

"Mzee, leo utatupa nguvu za Kimasai!" alisema, akinipa kikombe mimi wa kwanza.

Nilijua kwa funda la kwanza. Nikaweka kikombe chini. Sikusema. Wao wakanywa, wakasifu, wakaongezewa. Nilijiambia labda imechemka sana, labda haitawafanya kitu. Uongo. Niliona aibu, basi.

Walikuwa katikati ya wimbo ilipowashika. Ubeti mmoja ukarudiwa na kurudiwa. Mtu akaanza kucheka, wengine wakafuata. Mama Anaeli akasimama aombe, akasema sakafu inapumua, akaanguka. Kichwa kiligonga ukingo wa meza. Damu.

Wamempeleka hospitali.

Ijumaa, 7 Machi

Polisi wamekuja asubuhi. Wamechukua kopo na sufuria. Wamemchukua Namnyaki. Alinitazama. Mimi nilitazama fimbo yangu.

"Vidonge viko mezani, Baba. Usinywe bila kula."

Hilo ndilo alilosema.

Jumapili, 9 Machi

Elibariki, mwanangu, amefika kutoka Moshi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amekuja na maelezo ameshayatunga, ninachotakiwa ni kuyakubali: sikujua kitu, yule mama alikuwa ananitilia kwenye maziwa kimyakimya, amenizoesha uzeeni ili anitawale.

"Baba, wewe ni mgonjwa. Nani atakulaumu? Yeye atafungwa kidogo, atatoka. Jina letu halitoki."

Nikauliza, na watoto wake?

"Baba, usianze."

Mchungaji amepita baada ya ibada. Amesema baraza la wazee linasubiri kusikia ukweli. Najua maana yake. Nikitengwa na kanisa kabla sijafa, hatakuwapo wa kunisomea kaburini. Nimesoma, nimevaa joho, na bado hilo linanitisha kuliko kifo chenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna maziwa. Nyonga inasagwa. Nimepiga kelele mbele ya mwanangu, nimejikojolea mbele ya mwanangu.

Natamani kufa leo, kabla hawajaniuliza.

Jumanne, 11 Machi

Usingizi hakuna. Fikra tu.

Kwenye kiti cha hakimu nilikuwa nasema sheria humlinda mtu dhidi ya nafsi yake. Sijawahi kumwona aliyelindwa. Niliona wake za niliowafunga wakilia koridoni. Bado naamini mtu mzima ana haki ya kuamua kinachoingia kinywani mwake. Lakini mimi niliamua, na mwenye kubeba hatari akawa Namnyaki. Mama Anaeli hakuamua chochote. Alikaribishwa kikombe, na mwenye nyumba akanyamaza.

Uhuru wangu wote umelipiwa na wanawake wawili. Mimi ni mwoga. Siandiki neno lingine la kupendeza.

Jumatano, 12 Machi

Mama Anaeli ametoka hospitali, na nyuzi kichwani. Amenitumia salamu: "Mwambieni mzee nimewaona malaika, ila hawana adabu, wanacheka ovyo." Nimecheka mpaka nikalia. Halafu nimelia tu.

Kesi haijafutwa kwa utani wake. Namnyaki bado yuko mahabusu. Elibariki anasema Ijumaa watakuja kuchukua maelezo yangu. Ananikaririsha maneno kama mtoto wa kipaimara. Hukujua. Alikuzoesha. Hukujua.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua nyepesi. Maumivu yamepoa kidogo, sijui kwa nini.

Afande aliyekuja ni binti mdogo, mstaarabu. Shikamoo mzee, pole na kuumwa. Elibariki aliketi karibu yangu.

Nilimwambia nilimtuma mimi Namnyaki, naye alikataa, nikamlazimisha. Nilimwambia kuhusu funda la kwanza na ukimya wangu. Aliandika polepole. Elibariki alitoka nje, akarudi, akasimama mlangoni.

Afande akaniuliza, kwa huruma, akinifungulia njia: "Lakini yeye ndiye aliyekuanzishia, mzee? Ulipozidiwa na maumivu?"

Ningesema ndiyo, wangenihurumia. Mchungaji pia. Na Namnyaki angeonekana ndiye aliyenipotosha.

Nikasema hapana. Sijui kama watamwachia. Afande hakuahidi. Alinisomea maelezo, nikaweka sahihi, akaniaga kwa heshima. Elibariki ameondoka mlangoni. Yuko jikoni, nasikia anakoroga uji.

Niliyomwambia afande ni haya. Nilianza kabla Namnyaki hajakanyaga nyumba hii. Nilikuwa bado hakimu. Asubuhi nafunga watu kwa misokoto, jioni nawasha wangu. Sikuwa naumwa popote. Nilipenda tu.