Amri ya Kaa wa Kijitoni

Mpwapwa, Jumatano

Viboko ishirini na tano kwa ajili ya kaa. Nimeisoma amri mwenyewe leo barazani, kwa kuwa karani wa boma ni mimi.

Kaa wa hapa ruhusa kuvuliwa, isipokuwa majike wenye mayai. Wale kamba wenye magando, aliowaleta Bwana Mkubwa kutoka kwao Ulaya akawamwaga kijitoni, marufuku kabisa.

Wagogo walisikiliza kwa adabu. Kisha Mzee Ndahani akasimama.

“Bwana karani, sisi watu wa ng’ombe. Vidudu hivyo hatuli. Nani anavila?”

Mkewe, anayechota maji kijitoni kila siku, alinitazama mimi tu.

Bwana Mkubwa akauliza mzee amesema nini.

“Anasema wameielewa, Bwana.”

Na wameielewa kweli. Mpwapwa nzima mla kaa ni mmoja, mtu wa Bagamoyo, ndiye mimi. Dema langu la kutegea kaa liko kijitoni tangu jana, na kaa na kamba huingia humo pamoja. Kulifuata usiku huu siwezi, fisi wamejaa.

Askari wa kulinda kijito anaanza kesho alfajiri. Zamu yake nimeiandika mimi, kwa mwandiko mzuri.