Yai Kutoka Dirisha la Juu

Mpendwa mama,

Shikamoo, ingawa najua marahaba yako haitanifikia. Nakuandikia kwa sababu mjukuu wako Rahma ameacha besiboli.

Unaikumbuka nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, ghorofa ya tatu? Kapu la kuteremshia vitu lilikuwepo, na kamba yake, lakini wewe hukuwa na subira ya kamba. Nikirudi skuli nasikia dirisha linalia, na ndimu ishakuwa njiani. Hukusema kulia wala kushoto. Nikilalamika, ulicheka: "Ukingoja nikwambie, ishafika chini!" Basi nikajizoesha kukutazama bega, na miguu ikawa inaondoka kabla ya ndimu.

Ndimu ziliponizoea, ukanitupia yai la kumpelekea jirani. La kwanza lilinipasukia kangani. La pili nililipokea huku mikono ikishuka nalo taratibu, na kigelegele chako kikasikika mtaa mzima.

Mwalimu mgeni alipotuletea skuli glovu na gongo la besiboli, alitufundisha kupinda magoti, kufungua glovu chini, kudaka kwa mikono miwili. Mpira ukipigwa, wenzangu walikuwa bado wamesimama, mimi nshaondoka. Akauliza nani kanifundisha. Ulipopata habari ulishangaa kweli. "Mie nimemfundisha nini? Mie mvivu wa ngazi tu."

Sasa wasichana wa Mbweni nawafundisha mimi. Rahma anayajua yote ya yule mwalimu. Nikimwambia awaoneshe wenzake, hakosei hata kidogo. Lakini mpira ukipigwa, ananitazama mimi kwanza. "Mama, nende wapi?" Akimaliza kuuliza, mpira ushapita. Nimepanda juu ya benchi nikamrushia ndimu, akataka nimtajie upande. Nikampeleka Malindi, angalau alione dirisha. Nyumba ni hoteli siku hizi, na mlinzi akaniambia kwa adabu, "Hilo halifunguliwi tena, Bi. Kuna kiyoyozi." Rahma akaniomba turudi nyumbani.

Jumamosi mpira wa mwisho ulimpita katikati ya miguu, tukashindwa. Jioni akaweka glovu mezani.

"Mie basi, mama. Nshachoka kukutazama uso."

Iliniuma, na bado inaniuma. Wewe ulinipa kitu bila ya kujua kuwa unakitoa. Mimi nimekishika kwa mikono miwili, nakipeleka kwa mwanangu kila siku, na hakifiki. Nadhani kitaishia kwangu.

Leo asubuhi tulikuwa jikoni. Nilimrushia yai bila ya kusema neno. Hakuinua mkono. Aliliangalia mpaka likapasuka sakafuni, kisha akenda kuchukua kitambaa.

Pumzika, mama. Sitakusumbua tena kwa habari hizi.

Mwanao, wa chini ya dirisha